Chora Chumba Kwanza

11 Januari

Fyuzi, baba,

Nianze na habari mpya kabla ya salamu, maana salamu hazichachi. Duka la mkabala na langu limefungwa Jumanne. Aliyenithibitishia ni mlinzi wake. Alivuka barabara saa nne asubuhi na kiti chake cha plastiki kichwani, akaniuliza kama nina nafasi ya mlinzi. Nikamwambia sina cha kulindwa. Akacheka. Mimi sikucheka. Ulipokuwa unakuja hapa likizo za shule, mtaa huu ulikuwa na maduka kumi na moja ya redio na televisheni. Jana nimehesabu tena, nimebaki peke yangu. Pale kwa yule bwana wa spika kubwa sasa wanauza nywele za bandia.

Sasa salamu. Mimi sijambo. Baba yako hajambo, ila goti linamsumbua. Yeye anasema ni baridi, daktari anasema ni uzito. Mimi nimekaa upande wa daktari, ndiyo maana kaka yangu hajanisemesha tangu Jumapili. Sikio langu la kulia limekufa kabisa, na la kushoto linafanya kazi nusu siku. Miaka ishirini na sita ya kujaribu spika mbele ya wateja, ningetegemea nini? Kwa hiyo usinipigie simu. Kwenye simu naitikia ndiyo kwa kila kitu. Wiki iliyopita nimemkubalia mtu jambo ambalo mpaka leo silijui. Na ujumbe wa simu herufi zake ni kama mayai ya sisimizi. Cheka tu: muuza vifaa vya umeme anaomba aandikiwe kwa kalamu.

Uliuliza mwezi uliopita najuaje televisheni ipi inamfaa mtu. Nimeshangaa kidogo, maana umekulia kwenye kaunta hii. Sijabadilisha kitu. Mteja hawashiwi televisheni hata moja kabla hajachora chumba chake. Nampa karatasi na penseli, namwambia: chora chumba kwanza. Mlango uko wapi, dirisha liko wapi, jua linaingia saa ngapi, nani anakaa wapi. Wengine wanaona haya, wanasema hawajui kuchora. Nawaambia sinunui picha, nataka kujua mnakaaje. Halafu napima hatua kutoka kiti cha mzee au mgonjwa wa nyumba, si kutoka kiti cha mwenye fedha. Mwenye fedha anaweza kusogea. Basi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Michoro yote bado ninayo, kwenye maboksi ya redio kule stoo.

Baba yako anasema unafanya kazi ya kompyuta. Nikamuuliza kompyuta inafanya nini, akasema inafanya kompyuta. Hebu niambie wewe.

Fundi wangu anakusalimu. Anasema ukija ulete zile fyuzi tatu ulizomuunguzia ukiwa darasa la nne.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi, shikamoo,

Barua yako ilinifikia baada ya siku kumi na moja, nikaisoma nimesimama ukumbini kabla sijavua viatu. Pole kwa sikio. Huku tuko wazima. Mke wangu anakusalimu. Mtoto ameanza kusoma kwa sauti, anasoma kila kibao tunachopita barabarani, hata vile vya vyoo. Mwambie Fundi deni lake la fyuzi nalikumbuka na jina nimebaki nalo, kwa hiyo nadhani tumelipana.

Nimesikitika kuhusu duka la mkabala. Nakumbuka walikuwa wanaweka muziki mlangoni na wewe unatoka kuwafokea, halafu unarudi ndani na kuweka wa kwako juu zaidi.

Kazi yangu ni ya kuandika andika. Kampuni ina vitu vingi, na kila kitu kinahitaji maelezo. Si kazi ya kusimulia sana, nakaa kwenye kiti kutwa nzima.

Shangazi, naomba unikumbushe na mambo mengine. Friji ulikuwa unawashauri vipi watu? Na spika? Nakumbuka ulikuwa na namna yako ya kusema, ila maneno yenyewe yamenitoka. Andika kama unavyosema dukani, usiyanyooshe. Nataka niwe nayo.

Msalimie Baba. Mwambie apunguze uzito kimyakimya bila kukupa wewe ushindi.

Fyuzi


27 Februari

Baba,

Salamu zimefika. Kaka yangu nimemsomea ile ya uzito, amecheka, kisha akakasirika kwamba amecheka. Tunaongea sasa. Mtoto mwambie nimefurahi anasoma. Vibao vya vyoo navyo ni maandishi.

Friji. Nawaambia hivi: friji ni kama mgonjwa wa kifua, mwachie nafasi ya kupumua mgongoni, upana wa kiganja. Ukimbana na ukuta atahema kutwa, na utamlipia dawa. Usimweke karibu na jiko. Akifika nyumbani msimamishe wima masaa matatu kabla ya kumwasha, ametoka safari, kichwa kinamzunguka.

Spika. Usinunue spika kwa kuisikiliza dukani, duka langu lina sakafu ya saruji na kila kitu kinasikika kikubwa. Niambie nyumbani una mapazia au huna. Mwenye mapazia mazito na makochi anunue kubwa kidogo. Mwenye chumba kitupu anunue ndogo na zulia, atanishukuru, na jirani yake pia.

Unataka nikuandikie na pasi?

Sasa jambo lenyewe. Juzi alikuja bwana mmoja, shati limepigwa pasi vizuri. Nikampa karatasi akachora chumba. Dirisha kubwa upande wa magharibi, mama yake mgonjwa wa macho anakaa pembeni. Nikamwonyesha inayofaa, nikaiwasha, nikamweka kwenye kiti palepale ambapo mama yake angekuwa. Dakika arobaini. Akapiga picha kile kibandiko cha nyuma chenye namba ya televisheni, akaminyaminya simu, akasema, "Asante sana mama, nimeshaagiza, inafika Alhamisi." Alinishukuru kwa moyo, sikuona dharau usoni mwake. Aliona tumefanya kazi nzuri pamoja. Fundi akasema tuweke kiingilio mlangoni kama jumba la makumbusho, na yeye akae kwenye kabati la kioo kwa kuwa ndiye kifaa cha zamani kuliko vyote.

Mchoro wake nimeuweka kwenye boksi hata hivyo. Tarehe, na chini nimeandika: hakununua.

Mwenye nyumba alikuja Ijumaa. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Juni. Anasema nikitaka kuendelea nisaini miaka miwili kufikia tarehe 31 Mei, nisipotaka nimwambie mapema. Nikisaini, nitaingiza akiba yangu yote kwenye bidhaa mpya, maana siwezi kukaa miaka miwili na rafu tupu. Nikiondoka, nitaondoka na akiba yangu na sikio moja, na Fundi nitamtafutia pa kukaa. Sina hesabu nyingine.

Wewe uko huko yanakopikwa mambo haya. Naomba unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima: haya maduka ya kwenye simu yatatuachia kitu sisi wa huku, au yanakuja mpaka mlangoni? Nisaini, nisisaini?

Unaijua kanuni ya marehemu babu yako. Alikuwa karani wa posta na alitulea nayo: ukiulizwa kwa barua na ukanyamaza mpaka siku iliyotajwa, umesema ndiyo. Siku ni tarehe 31 Mei. Nitangoja.

Shangazi yako


22 Aprili

Baba,

Sijambo, wote hawajambo, goti la kaka limepungua. Wiki nane zimepita sijapata barua. Posta nimekwenda mara tatu. Yule dada wa dirishani ananiona tangu mlangoni na kuanza kutikisa kichwa kabla sijafika, ananiokolea hatua.

Kama mnaumwa, semeni. Kama umehama, baba yako hajui. Anasema kwenye simu unaongea kama kawaida, ila akinitaja mimi unaulizia hali ya hewa.

Mwezi huu nimeuza pasi nne, redio moja na betri. Redio aliinunua kinyozi. Alichora kibanda chake, na kiti cha mteja akakichora kikubwa kuliko kibanda.

Nangoja jibu la lile swali.

Shangazi


1 Juni

Fyuzi,

Mzima wa afya. Jana nilimaliza kazi saa kumi na moja jioni, nikapita posta, hapakuwa na kitu. Nikaenda kwa mwenye nyumba nikasaini. Miaka miwili. Fundi alikuwa shahidi, ameandika jina lake kwa herufi kubwa mpaka likatoka nje ya mstari.

Bidhaa nimeagiza leo asubuhi: televisheni kumi na nane, friji sita, spika za ukubwa wa namna mbili. Rafu za upande wa dirisha tumezipaka rangi. Zinanukia vizuri, na watu wawili wameingia kwa sababu ya harufu tu.

Nakushukuru kwa ndiyo yako.

Shangazi


15 Juni

Shangazi, shikamoo,

Nisamehe kwa ukimya. Kazi zimekuwa nyingi, na mtoto alikuwa na homa, sasa amepona. Nimeona kwamba umesaini. Nakutakia kila la heri. Rangi mpya ni wazo zuri.

Nitaandika kwa kirefu nikitulia.

Fyuzi


11 Julai

Fyuzi,

Sitakusalimu leo.

Jana saa tano asubuhi aliingia mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani kununua waya wa antena. Akatazama televisheni mpya, nikampa karatasi, nikaanza kumwambia achore chumba. Akacheka akasema, "Mama, na wewe unamfuata Shangazi?" Nikamuuliza shangazi yupi. Akatoa simu. Akaikuza mpaka herufi zikawa za kusomeka kwangu.

Kuna duka la kwenye simu, na ndani yake kuna mahali panaitwa Muulize Shangazi. Kuna mwanamke wa katuni, ana miwani na kitambaa kichwani, mkono mmoja kiunoni. Anasema: Chora chumba kwanza. Anasema: Pima hatua kutoka kiti cha mzee au mgonjwa wa nyumba, si kutoka kiti cha mwenye fedha. Mwalimu anampenda sana. Alinunua friji kwa ushauri wake mwezi wa Mei.

Fundi alichungulia begani kwangu. Akasema, "Mama, wamekuchora mnene." Halafu akaona uso wangu, akarudi kwenye meza yake akashika bisibisi ambayo hakuwa na kazi nayo.

Hayo ya chumba nimeyasema kwa mdomo mbele ya watu wengi, yangeweza kutoka popote. Lakini la friji mgonjwa wa kifua, aliyetoka safari na kichwa kinamzunguka, na kusimama wima masaa matatu, sikuwa nalisema dukani hivyo. Nililitunga nikiwa nakuandikia, kwa sababu ulisema andika kama unavyosema nami nikataka kukuchekesha. Nimeliandika mara moja, tarehe 27 Februari, kwa mtu mmoja.

Naomba uniambie unafanya kazi gani.


20 Julai

Shangazi,

Sina haki ya kukuamkia, lakini nakuamkia. Shikamoo.

Nafanya kazi kwenye kampuni yenye duka hilo. Ndimi ninayeyaandika maneno ya huyo Shangazi.

Naomba nikueleze kwa mpangilio, maana najua hupendi habari zilizovurugwa. Niliajiriwa kuandika maelezo ya bidhaa. Urefu, upana, rangi, idadi ya soketi. Novemba iliyopita walisema idara yetu itapunguzwa, wabaki wanne kati ya kumi na wawili. Siku hiyo nilikuwa naandika maelezo ya televisheni, na mkono wangu wenyewe ukaandika: chora chumba kwanza. Sikufikiri. Nilikuwa nimechoka, nikaandika nilichokijua. Wiki moja baadaye bosi akaita kikao, akauliza nani ameandika ile. Watu walikuwa wanaisoma na kuwatumia wenzao. Nikanyoosha mkono. Akauliza, una nyingine? Nikasema ninazo.

Sikuwa nazo. Wewe ndiye uliyekuwa nazo. Ndipo nikaanza kukuuliza.

Jina la Shangazi sikulipendekeza mimi. Niliwaambia kwamba niliyasikia kwa shangazi yangu, na mchoraji wa katuni akasema basi na awe shangazi. Nilicheka nao. Nilibaki kazini.

Sasa la mkataba. Barua yako ya Februari niliipokea tarehe 14 Machi. Tarehe 6 Machi, siku nane kabla, nilikuwa kwenye kikao ambapo walitaja miji watakakofungua vituo vya watu kwenda kuchukua mizigo yao. Mji wenu ulikuwa wa pili kwenye orodha. Kufunguliwa kabla ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo swali lako nilikuwa na jibu lake mkononi. Niliandika barua tatu. Ya kwanza ilisema usisaini, nikaona utauliza umejuaje. Ya pili ilisema siwezi kujua, nikaona ni uongo wa kitoto. Ya tatu ilisema kila kitu, nikaibeba mfukoni mpaka Aprili, ikaloa mvua. Kanuni ya Babu nilikuwa naijua. Nilijiambia ni kanuni ya watu wa zamani, hutaifuata kwa jambo kubwa kama hili. Tarehe 31 Mei nilikuwa ofisini, nikawa natazama saa. Ilipofika saa kumi na moja jioni nilijua uko posta.

Ile barua yangu ya Juni naomba uichome.

Kuna jambo moja zaidi, na ni afadhali ulisikie kwangu. Bosi anajua kuhusu michoro. Nilimwambia mimi, nikijisifu. Anasema vyumba vya watu halisi, vilivyochorwa na wenyewe kwa miaka ishirini na sita, hakuna kampuni iliyo navyo. Anataka kuvinunua vyote, na wewe akupe kazi, ukae nyumbani ujibu maswali, jina lako litajwe. Mimi ndiye niliyekuombea hiyo kazi, nikidhani nitakuwa nimekurudishia kitu. Sijui kama ni fidia au ni kosa jingine. Siwezi kupambanua tena.

Niambie nifanye nini, nitafanya.

Fyuzi


12 Agosti

Baba,

Mwenye nyumba alisema jana kwamba yuko tayari kuuchana mkataba wangu, bila lawama, nikitoka kufikia tarehe 30 Septemba. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba, wiki mbili zilizopita, baada ya barua yako. Wakati ule alikataa. Jana alikuja mwenyewe na vijana wawili wenye futi ya kupimia, na uso umemchangamka. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Ni watu wenu. Wamekitaka chumba hiki kwa sababu kiko karibu na stendi na mlango wake ni mpana. Nimekubali kutoka.

Walipima kuta. Walikuwa wanataka kuweka kaunta chini ya dirisha la magharibi. Nikawaambia hapo jua litawapiga usoni kuanzia saa tisa, mashine zao zitachemka, na watu watapanga foleni wakiwa wamefumba macho. Nikawapa karatasi. Nikasema, chora chumba kwanza. Mmoja akacheka mpaka akakaa. "Mama, hayo ni maneno ya Shangazi wetu! Na wewe unamsoma?" Fundi akaanza kukohoa, akatoka nje. Mimi nikasema namsoma kidogo. Wakachora. Kaunta wataiweka upande wa mlango.

Salamu sasa. Kaka yangu hajambo, anatembea bila fimbo. Sijamwambia. Anajua kuna kitu, lakini amekaa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nimemshukuru. Mtoto na mama yake wasalimie.

Barua yako nimeisoma mara nne. Imepangwa vizuri. Nilikasirika zaidi kwa sababu imepangwa vizuri.

Maneno ningekupa. Sikuyanunua popote, nami nilikuwa nayagawa bure kwa kila aliyeingia kupunga upepo wa feni. Ungeandika: Shangazi, nitafukuzwa kazi, nipe maneno. Ningekujazia daftari. Hilo ndilo linalonikaa hapa, kwamba ulidhani ni lazima uniibie.

La Machi ni zito zaidi, na sitasema limepita kwa sababu halijapita. Televisheni kumi na tano na friji tano ziko hapa zinanitazama.

Lakini na mimi nina la kusema, maana kwenye barua hizi si wewe tu uliyenyamazia kitu. Kungoja barua mpaka tarehe 31 Mei hakukuwa lazima. Siku aliitaja mwenye nyumba, lakini simu ninayo, na baba yako ana masikio mawili mazima. Ningeweza kumtuma akuulize jibu lipatikane siku hiyohiyo. Sikumtuma. Nilijua wewe ni mzito wa kujibu tangu mtoto, na nilijua kanuni ya baba yangu itanifanyia kazi. Nilitaka ndiyo. Nikaipata bila mtu kuisema. Wewe uliogopa kuniambia, mimi niliogopa kuambiwa. Fundi ndiye aliyeniuliza siku ile ya kusaini, "Mama, una hakika kijana amekubali?" Nikajifanya sikio limekufa.

Kuhusu kazi ya bosi wako, hapana. Mwambie asante. Katuni yake inatosha, haizeeki na masikio yake ni mazima.

Kuhusu michoro, hapana pia, na hili naomba alisikie vizuri. Nimetoa maboksi yote stoo. Ni michoro elfu moja mia nne na kumi na miwili. Nimeipitia kwa siku tisa. Kuna nyumba ya mume na mke ambao mwaka wa kwanza wamechora kitanda kimoja, na miaka sita baadaye, wanakuja kununua redio, wamechora viwili, kimoja sebuleni. Sikuuliza. Niliwauzia redio mbili ndogo. Kuna fundi cherehani aliyechora kiti cha baba yake mbele kabisa. Alirudi miaka mitatu baadaye akitaka kubadilisha televisheni iwe ndogo, tukautoa mchoro uleule, akakifuta kile kiti kwa kifutio mbele yangu. Hakikufutika vizuri, bado kinaonekana. Watu hawakunichorea kampuni. Walinichorea mimi, kwa sababu niliwaomba, na kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yao.

Michoro inarudi kwa wenyewe. Fundi ameipanga kwa mitaa. Wengine wamehama, wengine wamekufa, lakini mia sita hivi tunajua milango yao. Mimi nitakaa dukani kuuza zilizobaki. Fundi miguu yake haina safari ndefu. Kazi hiyo ni yako. Utachukua likizo. Utabisha hodi, utamsubiri mtu atoke, utamwambia wewe ni nani na karatasi hii ni ya nani, utampa mkononi. Usipige picha. Usiandike popote walichosema. Wakikukaribisha ndani, ingia, ukae wanapokuonyesha.

Ukimaliza, tutaongea mimi na wewe, upande wa sikio la kushoto.

Nimemwambia Fundi unakuja. Ananiuliza kama nina hakika umekubali. Safari hii sitangoja kimya chako: utaniandikia ndiyo au hapana kwa mkono wako, na mstari mmoja unatosha. Tunaanza Jumatatu tarehe 2 Septemba, saa mbili asubuhi. Pitia mlango wa nyuma, wa mbele mafundi wenu watakuwa wanaubadilisha. Mtaa wa kwanza ni wa kinyozi, nyumba ishirini na tatu. Uje na viatu vya kutembea.

Shangazi yako